Mchumba wa Kanisa la Marafiki: kwa nini dispensasio, wakati wa Mlutheri ilitosha kibali?

Mleta mada umesema wewe ni Mkatoliki, mchumba wako ni wa Kanisa la Marafiki (Quakers), na paroko kakuambia iombwe dispensasio kwa askofu, yaani kuondolewa kizuizi cha ndoa kilichowekwa na sheria ya Kanisa. Jirani yako aliyeoa Mlutheri aliombewa kibali tu. Unauliza kama huyo dada anahesabiwa si Mkristo.

Hapo paroko hapimi imani ya mtu. Anauliza jambo moja: amebatizwa kwa maji? Marafiki, tangu wamisionari wao walipofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, hawana ubatizo wa maji. Kwao ubatizo ni wa Roho. Jeshi la Wokovu nao hawabatizi. Kwa hiyo ndoa yenu inaangukia kanuni ya 1086 ya Sheria za Kanisa Katoliki, ya ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa, na bila dispensasio ni batili. Ya jirani ni ndoa mseto ya wabatizwa wawili, kanuni ya 1124: bila kibali ni kosa, lakini ndoa inasimama.

Ubatizo wenyewe unataka maji halisi, maneno "ninakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu", na nia ya kufanya lile ambalo Kanisa hufanya. Kuzamisha au kumimina, vyote sawa, ila maji yamguse mtu na yatiririke. Aliyebatiza ni wa dhehebu gani si hoja. Ugomvi huo ni wa zamani: mwaka 256 Kipriani, askofu wa Karthago, alitaka waliobatizwa na wazushi wabatizwe upya, Papa Stefano akakataa, na mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Arles wa 314 ukafuata njia ya Stefano. Ndiyo maana Mlutheri, Mwanglikana, Mmoravian, hata Msabato, hawabatizwi tena wakiingia Ukatoliki.

Kinachowaudhi watu ni kwamba mlango huu ni wa upande mmoja. Mkatoliki akienda kwa Wasabato au Wapentekoste atazamishwa kwenye maji mengi, na wao hawatasema anabatizwa mara ya pili. Kwao alichofanyiwa utotoni hakikuwa ubatizo, kwa kuwa toba haikutangulia.

Maneno nayo yana kesi zake. Wanaobatiza "kwa jina la Yesu" peke yake wanashika Matendo 2:38. Assemblies of God ya Marekani iligawanyika kwa suala hilo mwaka 1916, na Roma haiutambui ubatizo huo. Wamormoni wanatamka maneno sahihi kabisa, lakini tarehe 5 Juni 2001 Roma ilijibu kuwa ubatizo wao si halali, maana Baba, Mwana na Roho wanaowakusudia si Utatu uleule. Na Wakatoliki wenyewe hawakuachwa: mwaka 2020 ilitamkwa kuwa "tunakubatiza" badala ya "ninakubatiza" inabatilisha. Neno moja tu!

Kwa wengine mnaosoma hapa, panapokwama mara nyingi ni cheti. Cha kanisa dogo huandika tarehe na "maji mengi" bila kutaja maneno. Ombeni barua ya mchungaji inayotaja maneno yaliyotamkwa na jinsi maji yalivyotumika. Cheti kikikosekana, kanuni ya 876 inakubali shahidi mmoja wa kuaminika, au kiapo cha mhusika kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Shaka ikibaki baada ya uchunguzi ndipo unakuja ubatizo wa masharti, "kama hujabatizwa, ninakubatiza…", tena faraghani.

Wewe mleta mada usihangaike na cheti, hakipo. Kwenye ombi la dispensasio kuna ahadi, na anayeahidi ni wewe Mkatoliki: kulinda imani yako, na kufanya yote uwezayo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mchumba anajulishwa tu ahadi hiyo. Akilazimishwa kuahidi kitu hicho mwenyewe, uliza kwa heshima kanuni ya 1125 inasemaje. Ombi lipelekwe mapema kabla hamjapanga tarehe na kumbi, kwa sababu linakwenda jimboni. Ndoa itakuwa halali ingawa si sakramenti. Akija kubatizwa baadaye, hamtahitaji kufunga ndoa upya.