Usimwachie sumaku mkanda wa mzee, mimi nimelipa laki sita na arobaini kulijua hili

Simama hapo hapo mkuu uliyeandika kutoka Urambo, weka mkasi chini. Nimesoma ulichoandika mara mbili: mzee wako alipata kiharusi, mkono wa kushoto haushiki, bizimu ya kawaida haiwezi, na wewe unataka kumshonea mkanda wa sumaku, kumi upande huu na kumi upande ule, akinenepa anasogeza akikonda anasogeza. Halafu umeuliza sumaku za namba ngapi, gundi gani, ngozi au utepe wa begi, na majirani wakiupenda uwauzie shilingi ngapi. Moyo mzuri sana huo. Ila mkanda unaousema ndo ule ule niliotengeneza mimi hapa Mwanga, Kigoma, na ndo ulionifanya nikae wiki mbili siwezi kushuka mwaloni Kibirizi mchana.

Shika hili kabla ya mengine yote: sumaku ni mshenga, sio mume. Inawakutanisha watu wawili, basi, kazi yake imeisha. Kubeba mzigo kila siku ni kazi ya chuma.

Mimi nashona mikanda na mabegi. Kina mama wa dagaa pale mwaloni wanatembea na pochi za kiunoni, mikono muda wote ina maji na magamba, na klipu za plastiki wanazolalamikia kila siku, mara zimekatika jino, mara hazibonyezeki kwa mkono wenye utelezi. Siku moja nikaona mkoba wa dada mmoja unajifunga kwa sumaku, ta! Nikaona nimeshatajirika. Nikaagiza sumaku kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, zile nyeupe za kung'aa, duara, upana milimita 20, unene milimita 3. Nikamuuliza inashika kilo ngapi? Akanijibu kwa sauti, tena kwa kujiamini kabisa, "Bro hiyo ni N52, maana yake kilo 52." Na mimi mtu mzima mwenye watoto watatu nikaamini. Kilo 52! Nikajisemea hapa hata gunia la mahindi linaning'inia.

Sikia sasa wewe, usije ukauziwa hadithi hiyo hiyo. Hiyo namba sio kilo. Ni daraja la malighafi yenyewe iliyotengenezewa sumaku, ina nishati kiasi gani ndani yake. Kuna N35, kuna N42, kuna N52, na kipande cha N52 kidogo kama kidonge kinabaki kidonge. Kilo zinatokana na upana, unene, inashika nini, na kati yao kuna nini. Na hata akikupa kilo za kweli, zimepimwa sumaku ikiwa imelala mtupu juu ya chuma kinene, inavutwa moja kwa moja kwenda juu. Nani anavuta mkanda kwenda juu? Tumbo linavuta mkanda kwa pembeni. Sumaku ukiisukuma kwa pembeni inateleza, kinachoizuia ni msuguano tu, kwa hiyo unabaki na kama sehemu moja ya tano ya zile kilo, na kwenye nikeli laini, ule mng'ao unaofunika sumaku, hata hiyo usiihesabu sana.

Mimi nilipima baada ya balaa, sio kabla, msinicheke. Nilichukua mizani ya kuning'iniza ile ya kupimia migebuka. Sumaku moja kwenye chuma kinene, juu: kilo tano na kitu. Nikaweka ngozi katikati, maana nilikuwa nimezishonea ndani ili mkanda upendeze, ngozi ya milimita moja huku na moja kule: kilo mbili hazifiki vizuri. Milimita mbili tu hizo wakuu! Nikavuta kwa pembeni: gramu mia tatu na ushee. Mkanda wangu ulikuwa unashikwa na sumaku nne. Piga hesabu mwenyewe, nilikuwa nimemfunga mtu kiunoni kwa nguvu ya kilo moja na robo, wakati pochi yenye simu, sarafu na funguo ilikuwa inakaribia huko huko kabla hata mwenyewe hajapumua.

Na bado nikaongeza ujinga juu ya ujinga. Mkanda wa kwanza kabisa ulikuwa wa sumaku pande zote mbili kama wako, nikashona bila kuweka alama upande upi ni upi, nusu zikavutana nusu zikasukumana, ukiushika unacheza kama nyoka. Basi nikaona ujanja, upande mmoja niweke sumaku, upande wa pili niweke bati! Bati halina kaskazini wala kusini, unasogeza popote, inchi, nusu inchi, upendavyo. Nilijiona profesa. Bati lenyewe vipande vya kuezekea vilivyobaki kwa jirani, geji 30. Bati jembamba vile linashiba haraka, sumaku inataka kupitisha nguvu yake lakini chuma cha kuipokea hakipo, ni sawa na kumimina ndoo kwenye kikombe cha kahawa. Afu kitu kinachosogea popote ukitaka, kinasogea popote na usipotaka. Hilo sikuliwaza hata dakika moja, kwa sababu nikiwa nimesimama mbele ya kioo nimebana tumbo, ulikuwa unashika vizuri tu.

Nikashona 30. Nikauza 22, kila mmoja elfu kumi na nane. Siku tatu nilikuwa fundi bora Kigoma nzima.

Siku ya nne mama mmoja, mteja wangu wa miaka, kapanda boti kwenda Kagunga sokoni. Wako ziwani, anainama kumpokea mwenzake ndoo. Ukiinama tumbo linasukuma, mkanda unakaza, na ule mkia wa mkanda unanyanyuka kidogo upande mmoja. Sumaku ikinyanyuliwa upande mmoja haivutwi tena, inabanduliwa, kama unavyobandua chapati kwenye kikaango, unaanza ukingoni na yote inakuja. Wanasema hata sauti haikutoka. Pochi ilipita ukingoni mwa boti ikaenda, na simu, na laki sita na arobaini ya mtaji. Ziwa lenyewe mnalijua, Tanganyika, sehemu ya ndani kabisa ni mita 1,470, najua sio pale walipokuwa, lakini kwa pesa ile hata mita kumi na tano zinatosha.

Jioni nawaona wanakuja, yeye mbele, nyuma kina mama kama saba, kila mmoja kashika mkanda wake mkononi kama wanaenda kumchapa mtoto. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Kauweka mkanda mezani, akasema, "Fundi, kazi yako hiyo, na pesa yangu unajua ilipo, kazamie." Nililipa kidogo kidogo miezi mitano. Ukijumlisha na mikanda 22 niliyorudisha hela yake ni zaidi ya milioni moja, bado sijahesabu sumaku, ngozi, wala jina. Mpaka leo kuna vijana pale wakiniona wanashika kiuno wanapiga kelele "mkanda!" Sawa, tucheke wote.

Yule muuzaji nilimpigia. Akaniambia labda nilizishona vibaya. Siku hizi naona anauzia watu ndoano za ukutani "kilo 52, unaning'iniza hata jiko la gesi". Mungu awalinde majikoni huko.

Haya, sasa mzee wako. Fikiria anainama kuvaa viatu, suruali inashuka mbele ya wajukuu. Au anashuka kwenye basi stendi ya Tabora mkono mmoja kashika mlango. Ukitaka kumtengenezea kitu, fanya hivi ninavyofanya mimi sasa, na hiki nimekivaa mwenyewe mwaka wa pili.

Tafuta sumaku za pete, zenye tundu katikati. Upande wa mkanda usiosogea unaweka kibamba cha chuma cha milimita mbili, kimechomelewa jino katikati, mimi natumia boliti ya M5, yaani ya unene wa milimita tano, iliyokatwa kichwa. Pete ya sumaku inakaa kwenye kibamba, jino linapita katikati yake na kutokeza juu kama milimita nne. Upande unaosogea, matundu kila sentimita mbili na nusu kama mkanda wowote, na kila tundu lina washa, kile kisahani cha chuma chenye tundu, upande wa ndani, inabanwa na pete ya tundu kama zile za turubai. Usifunike washa kwa ngozi! Chuma kwa sumaku, uso kwa uso, umeshaona ngozi ilivyonifanya. Mzee akileta mkia wa mkanda karibu, sumaku inaivuta washa yenyewe mpaka jino linazama tunduni, ta, hana haja ya kuangalia wala mkono wa pili. Kuanzia hapo tumbo linavutana na jino, sio na sumaku. Sumaku kazi yake ni kuhakikisha jino halichomoki, na hiyo kazi inaiweza hata ikiwa ndogo. Jino nalilaza kidogo kwa tupa lielekee kinyume na mvuto, tumbo likisukuma ndo kwanza linazama zaidi.

Na kufungua? Ananyanyua mkia wa mkanda kwa kidole gumba. Ule ule ubanduaji ulioniua mimi ziwani, hapa ndo unamsaidia, maana mzee akitaka chooni anataka haraka. Mkanda uwe umepitishwa kwenye vitanzi vya suruali kabla hajavaa, upande wa jino ukae mbele kidogo kulia, mkono wake mzima unafanya yote. Akinenepa anahamia tundu la pili, akikonda anarudi. Hiyo ndo "kusogeza" unayoitaka, kwa hatua, sio kwa kuteleza.

Wala sio uvumbuzi wangu, msije mkaniita tajiri. Kuna kampuni ya Hannover, Ujerumani, Fidlock, vifungo vyao vya mabegi na kofia za baiskeli ni hivyo hivyo, sumaku inaongoza, ndoano ndo inabeba. Ningekiona kifungo chao mapema ningekuwa na pikipiki sasa hivi.

Jino lichomelewe KABLA sumaku haijawekwa, na chuma kipoe kabisa. Mimi nilichomelea na sumaku iko pale pale, ikatoka haiwezi kuinua hata pini. Hizi za kawaida zisizo na herufi nyuma ya namba, ukivuka nyuzi joto 80 zinaanza kupoteza nguvu na hairudi. Na usijaribu kuitoboa mwenyewe kwa drili, inapasuka kama sahani, unga wake unashika moto, na ukishavunja ile nikeli ya juu jasho linaila kwa kutu. Za kwenye spika za redio za zamani achana nazo, ni pana, nzito, na nguvu hamna, mzee atatembea kafunga kifuniko cha sufuria.

Jambo moja la maana kuliko utani wangu wote: kama mzee amewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, usimvalishe sumaku yoyote kabla hujamuuliza daktari wake, sumaku inaweza kuvuruga kile kifaa. Na zile zitakazobaki usiache mezani kuna watoto. Mtoto akimeza mbili zinavutana ndani, zinabana utumbo katikati mpaka unatoboka, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, sio kusubiri zitoke. Kadi ya benki nayo asiweke mfuko wa mbele karibu na mkanda.

Ngozi au utepe, chukua utepe wa begi ule mzito, hauvutiki kwa jasho, na ukikauka unabaki na umbo lake, kwa ngozi matundu yanapanuka na jino linaanza kucheza.

Nini tena uliuliza... basi hayo mengine utayaona mbele ya safari. Sumaku kumi huku kumi kule HAPANA, pete moja na jino moja, na kabla hujampa mzee funga mkanda kwenye gogo, ning'iniza ndoo ya maji lita 20 kwa pembeni, iache usiku kucha. Ukiikuta ndoo juu asubuhi mpe. Ukiikuta chini tuma picha ya jino nilione.

Yule mama, kwa anayejiuliza, alirudi. Nilimshonea mpya wa jino bure, anauvaa kila siku ya gulio, anausifia kwa wenzake, na juu yake anafunga kanga mafundo mawili.