Wazazi weusi, mtoto ana ualbino: usimshuku mkeo

Kaka, umeuliza imekuwaje wewe na mkeo, wote weusi, mkazaa mtoto mwenye ualbino, na mama yako ameshaanza kumnyooshea mkeo kidole. Mkeo hana kosa.

Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni (maelekezo ya kuujenga mwili), moja ya baba, moja ya mama. Inayohusika zaidi Afrika inaitwa OCA2. Nakala zote mbili zikiwa na hitilafu, mwili hautengenezi melanini, yaani rangi ya ngozi, nywele na macho, ya kutosha. Mwenye nakala moja nzima anabaki mweusi kama kawaida, wala hajui kwamba amebeba hitilafu. Ninyi kila mmoja amebeba moja mbovu, mtoto akazipata zote. Tena yako huenda imetoka kwa huyo huyo mama anayelalamika, au kwa mzee. (Hilo usimwambie leo.)

Kila mimba uwezekano ni 1 kati ya 4. Msidhani watatu wanaofuata wako salama. Hesabu huanza upya.

Akiwa bado mchanga, kivuli kwanza. Baadaye kofia pana na mikono mirefu. Kliniki ya macho mapema, msingoje aanze shule. Ulizieni Kilisun, mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi.