Muulize Mjomba: Jirani kanyeshewa, mimi nimeambulia vumbi

*Shikamoo mjomba. Nipo Bahi, Dodoma. Wiki iliyopita mawingu yalikuja meusi tii toka saa nane mchana, ngurumo kibao, upepo ukang'oa mpaka bati la choo, mi na mke wangu tukakimbia kuanua uwele tuliouosha, halafu hamna hata tone. Kijiji cha pili, kama kilomita sita hivi, wamepigwa mvua mpaka korongo likajaa. Simu yangu ilisema mvua asilimia 40, redioni walisema mvua na ngurumo katika maeneo machache. Nani muongo hapo? Na je nipande au nisubiri?*

Marahaba kijana wangu. Hamna muongo, ila hayo maneno "maeneo machache" ndo watu huwa tunayaruka, tunasikia mvua tu tunaenda kutafuta jembe.

Angalia sufuria ya uji ikianza kuchemka. Haichemki yote kwa mpigo, povu linatoka hapa, linapasuka, linatoka kule, na huwezi kusema linalofuata litatokea wapi ila unajua litatokea. Sasa Dodoma ya Oktoba na Novemba ndo sufuria yenyewe. Mwanzoni mwa Oktoba jua linapita juu ya utosi wetu kabisa, ardhi imekauka toka Mei huko haina maji ya kuipoza, mchana joto linazunguka nyuzi 31, 32, hewa iliyoungua pale chini inakua nyepesi inapanda. Ikipanda inapoa, unyevu uliomo unageuka matone, na kule kugeuka kwenyewe kunatoa joto lingine linalozidi kulisukuma wingu juu, ndo unaona limeota kama koliflawa mpaka kilomita 12 na zaidi, huko juu ni barafu tupu, vipande vya barafu vinagongana chaji zinatengana, radi. Ndo maana pia ngurumo zetu ni za kuanzia saa tisa alasiri kwenda jioni, asubuhi kweupe, lazima ardhi iungue kwanza.

Sasa wingu moja la hivyo upana wake ni kilomita chache tu na likiwa peke yake mara nyingi haliishi hata saa nzima. Jirani yako alikua chini yake, wewe ulikua pembeni, basi. Ule upepo uliong'oa bati lako ni hewa baridi iliyoporomoka pamoja na mvua ya jirani ikagonga ardhi ikasambaa, kwahiyo ulipata upepo wake bila maji yake (inauma, najua, hata kwangu ishatokea nikiwa nimetandaza ndoo zote uani). Tena kuna lingine, msimu huu hewa ya huku chini ni kavu sana na mawingu yamekaa juu, unaweza kuona mvua inaning'inia kama mikia ya kijivu lakini haifiki chini, inakauka njiani.

Hiyo asilimia 40 ya kwenye simu maana yake sio kwamba mvua itanyesha asilimia 40 ya siku wala asilimia 40 ya kijiji. Ichukulie hivi, siku kama ile zikija kumi, nne utalowa na sita utaanua uwele wako bure. Na simu haijui shamba lako, inapiga hesabu ya eneo la kilomita kadhaa kwa kadhaa kisha inaweka jina la Bahi juu yake.

Kupanda: subiri. Hizi za sasa ni mvua za joto, msimu wenyewe bado. Sisi Dodoma, Singida, Tabora mpaka kusini huko tuna msimu mmoja tu, Mamlaka ya Hali ya Hewa wanauita Msimu, Novemba mpaka Aprili, na sisi wa Dodoma mara nyingi tunakuja kuuona vizuri Desemba, ukanda wa mvua ukishashuka toka kaskazini ukilifuata jua. Mwaka mzima tunapata kama milimita 550 hadi 600 na inakuja kwa mafungu, siku mbili za gharika halafu wiki mbili za kutazamana na jua. Mbegu ya mahindi ikioteshwa na ngurumo moja ya Novemba inakufa kwenye hilo pengo. Chukua kopo lenye mdomo na kitako sawa, liweke uwanjani mbali na miti na paa, pima kwa rula. Ukikusanya milimita 20 na kitu ndani ya siku mbili tatu, na Msimu umeshatangazwa kuanza kwenu, hapo panda. Kama mkono unawasha sana basi anza na uwele au mtama, wazee walikua wanaberega (wanasafisha shamba bila kulilima) wakatupia mbegu kwenye vumbi kabla hata ya tone la kwanza, ila haikua mahindi hiyo.

Na usione aibu kusubiri. Waingereza walikuja Kongwa, hapahapa Dodoma, mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, hela nyingi, wataalamu wengi, mvua ikawagomea na udongo ukakauka mgumu kama sementi, 1951 mradi ukafa. Na wao walikua na vipimo, mjomba wako ana kopo.

*Mjomba habari. Mwanangu kahamia Dodoma mjini toka Dar kikazi, anasema joto la huku halimsumbui maana hatoki jasho. Ni kweli?*

Anatoka jasho sana tu, halioni. Dar hewa imejaa maji, jasho linakaa mwilini shati linaganda mgongoni, unakereka unakunywa maji. Huku hewa kavu inalinyonya likitoka tu, mtu anajiona yuko fresh kumbe anakauka kama mlenda uliotandazwa juu ya paa. Mwambie aangalie mkojo, ukiwa wa rangi ya chai ya rangi kachelewa, anywe kabla ya kiu. Kazi za juani amalize saa nne asubuhi. Na akiona mtu juani kaanza kuongea ovyo, ngozi ya moto, hilo si la kumpa soda apumzike, amuweke kivulini, ammwagie maji, ampepee, na gari ya kwenda hospitali iwe inatafutwa hapohapo.

*Mjomba mi nachunga ng'ombe Chamwino. Mvua ikinikuta porini najikinga chini ya mbuyu, mama anasema nisivae shati jekundu tu basi nitakua salama.*

Mama msalimie sana, ila shati halina kosa. Radi haichagui rangi, wala kioo kinachofunikwa kwa kanga nyumbani hakiivuti. Inapenda kilicho kirefu na kilicho peke yake, na kwenye mbuga zile kirefu kilicho peke yake ni huo mbuyu wako. Ikiupiga umeme unashuka kwenye shina unatambaa ardhini, ndo maana unakuta ng'ombe watano wamelala chini ya mti mmoja.

Ukiona mwale hesabu mpaka usikie mlio, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Usipofika 30, hauko salama, ondoka. Nyumba yenye kuta na paa zima au ndani ya gari lililofungwa vioo, kibanda cha nyasi hapana. Ukikosa vyote shuka bondeni (sio kwenye korongo lenyewe, maji yanakuja ghafla bila hata mvua kunyesha ulipo), achana na mti, achana na waya wa uzio, wachungaji mtawanyike msikae kwa kugusana. Subiri dakika 30 toka ngurumo ya mwisho. Wengi wanapigwa mwishoni pale mvua imekatika wanatoka kuhesabu mifugo.

Na mwenzako akipigwa mshike, hana umeme mwilini. Kama hapumui na moyo umesimama anza kumbonyeza kifua muda huohuo, usimfukie mchangani kama nilivyoona wakifanya huko nyuma.