Land Rover ya Baba Chini ya Mkwaju: Nianzie Wapi?

SWALI: Ndugu Fundi, salamu kutoka Kongwa. Marehemu baba yangu alituachia pikapu aina ya Land Rover 109, Series III ya mwaka 1976, inayotumia petroli. Imesimama chini ya mkwaju nyuma ya nyumba tangu mwaka 2011, matairi yameisha upepo, na kuku wametagia ndani yake miaka yote hiyo. Sasa nimeamua kuifufua mwenyewe hapa nyumbani, kidogo kidogo, kwa fedha ninazopata nikiuza alizeti. Fundi mmoja wa jirani ameitazama, akasema bodi haina kutu hata kidogo, hivyo nianze kwa kuipiga rangi ili nipate moyo wa kuendelea, kisha niing'oe injini yake na kuweka ya Toyota. Je, nimfuate? – Msomaji, Kongwa.

JIBU: Ndugu yangu wa Kongwa, pole kwa kuondokewa na mzazi. Gari hilo linastahili kazi unayotaka kuifanya, lakini nakusihi rangi iwe ya mwisho kabisa. Bodi ya Land Rover haina kutu kwa sababu sehemu yake kubwa ni alumini, desturi iliyoanza na magari ya kwanza ya mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo. Kwa hiyo uzuri wa bodi haukuambii lolote kuhusu afya ya gari. Chuma kiko chini, kwenye chesesi, na pia kwenye ukuta unaoitenga injini na miguu ya dereva. Huko ndiko utakakojua kama una gari au una mabati tu.

Chesesi ya gari hili ni kama boksi refu lililo wazi ndani, na kutu yake huanzia ndani ikija nje, ndiyo maana macho hayatoshi. Lala chini ya gari ukiwa na nyundo ndogo na bisibisi imara, ugonge hatua kwa hatua kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa, na bisibisi huzama. Usiharakishe kwenye mtambaa wa nyuma unaobeba ndoano ya kuvutia, kwenye mikono inayotoka pembeni kushikilia bodi, na mahali springi zinapofungwa. Una bahati ya mahali unapoishi, kwa kuwa mvua zetu za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na hatuna upepo wa chumvi. Chesesi iliyoishi huku kwa kawaida huwa na hali nzuri kuliko iliyozeekea Tanga au Dar es Salaam. Hata hivyo, waulize wazee gari lilitoka wapi kabla baba hajalinunua. Kinyesi cha kuku nacho kioshe mapema kwa maji mengi, kwa sababu kinakula chuma na alumini pia.

Ukikuta palipooza, kata mpaka ufikie chuma kizima ndipo kiraka kichomelewe. Kiraka kilichobandikwa juu ya kutu huficha ugonjwa tu. Kabla cheche ya kwanza haijaruka, toa betri, kisha ling'oe tangi la petroli, ambalo liko chini ya kiti, ulipeleke mbali. Tangi linaloonekana tupu lina mvuke, na mvuke huo hulipuka vibaya kuliko tangi lililojaa. Hili nakuomba usilifanyie mzaha, maana unafanya kazi nyumbani penye watoto.

Baada ya chesesi, fuata breki. Kama ilivyo kwa chumvi ya pwani na chuma, ndivyo lilivyo jua la kwetu na mpira: huukausha hadi ukapasuka. Badilisha mipira yote ya masta silinda na ya silinda za magurudumu, hozi za breki, mipira ya rejeta na mipira ya petroli, pamoja na matairi yote, hata kama bado yana meno. Magurudumu yote manne yana breki za dramu, na kwa kuwa lainingi za miaka ile zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo hudhuru mapafu, vumbi utakalolikuta ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, ukitupe kitambaa hicho kikiwa kibichi.

Kuhusu injini, sikubaliani na jirani yako. Injini ya petroli ya silinda 4, yenye ujazo wa cc 2,286, ni nyepesi kuielewa na inatengenezeka kwa spana za kawaida. Usiipige stata. Toa plagi zote nne, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, iache siku kadhaa, kisha izungushe taratibu kwa hendeli kutokea mbele, kwa mkono wako mwenyewe, ili uhisi inapokataa. Ikizunguka, mwaga oili yote na petroli yote ya zamani, uweke mpya, safisha kabureta, na uangalie kama panya hawajatafuna waya. Hapo ndipo uwashe. Injini ya Toyota itakulazimisha kubadili vishikizo vya injini, muunganiko na giaboksi, na mengine mengi, na kwa kuwa namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, itakubidi pia uende Mamlaka ya Mapato kurekebisha kumbukumbu.

Kwa kweli kadi ndiyo ya kutazama kabla hujatumia hata shilingi moja. Linganisha namba ya chesesi iliyopo kwenye gari na ile ya kwenye kadi, na kama jina bado ni la marehemu, msimamizi wa mirathi ashughulikie uhamisho sasa, ndugu wote wakiwa wanajua, kabla gari halijaanza kupendeza.

SWALI: Mlango wa pikapu yangu ya Land Rover umetoboka ukingo wa chini, na fundi wa kuchomelea amejaribu kuuziba akazidi kuutoboa. Nifanyeje? – Msomaji, Manyoni.

JIBU: Mwambie aache. Mashine za kuchomelea mageti haziwezi alumini. Mlango wako una ngozi ya alumini iliyokunjwa juu ya fremu ya chuma, na metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini ndiyo huliwa na kubaki unga mweupe. Kata palipoharibika, paka rangi ya kuzuia kutu kwenye fremu, weka gundi ya kuzibia kati ya metali hizo, kisha funga kiraka cha alumini kwa ribiti za alumini. Praima iwe ile maalumu ya alumini, kwa kuwa ya kawaida hubanduka. Na kabla ya rangi, zibua matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya mlango, kwani yakiziba kwa vumbi, maji ya msimu ujao yatatuama palepale.