Payesh isikatike

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kwa nini payesh, ule wali wa maziwa wa Kibengali, uliyojaribu kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mjukuu wangu imekukatikia, ikawa mabonge na maji ya kijani pembeni, ilhali maziwa uliyanunua siku ileile. Maziwa hayana hatia. Ni ile sukari guru, na wakati ulioitia.

Guru ya mtende ina uchachu kidogo, hata kama ulimi hauusikii. Ukiitumbukiza kwenye maziwa yanayotokota, ni rahisi yakatike. Mashima, mama mwenye nyumba wetu kule Kolkata, India, baba yako alipokuwa akisoma, aliepua sufuria kwanza, akaiweka sakafuni, akaenda zake kuanua nguo mpaka mvuke upungue. Guru alikwisha iyeyusha kwa maji ya moto kidogo na kuichuja, maana haikosi mchanga na vijiti. Hapo ndipo alipoimimina, kidogo kidogo, huku akikoroga. Baada ya hapo sufuria hairudi motoni, hata mgeni awe na haraka gani.

Vipimo: lita moja ya maziwa yasiyotolewa mafuta, mchele robo kikombe tu. Najua utaona mchache, mkono utakuwasha uongeze. Usiongeze, utapata bokoboko. Kule Bengali wanatumia gobindobhog, punje fupi zenye harufu nzuri. Wabangladeshi wana chinigura, nao ni mdogo hivyohivyo; maduka ya Whitechapel, London, hayaukosi. Basmati waachie watu wa pilau. Mimi hapa Dar hutumia chenga za mchele wa Kyela, na hakuna aliyewahi kurudisha bakuli.

Osha mchele, uchuje, uuache ukauke, kisha uupake samli kijiko kidogo kwa vidole ili punje zisishikane. Maziwa yachemshe kwenye sufuria yenye kitako kizito, moto mdogo, pamoja na iliki mbili tatu zilizopasuliwa na jani moja la tejpata, lile kavu lenye harufu ya mdalasini. Yakipungua kama theluthi, tia mchele. Usitoke jikoni, na simu iache sebuleni. Utando unaoganda ukingoni ukwangue kwa mwiko uurudishe ndani, utamu wenyewe umo humo. Chukua punje uibonyeze kwa vidole: ikipondeka yote bila kiini kigumu, mchele umeiva. Utamu unaingia baada ya hapo, iwe sukari nyeupe au guru, kwa sababu mchele ukikutana na sukari kabla ya kuiva unagoma kulainika. Korosho na zabibu kavu zikaange kwa samli, uzimwagie juu.

Huyo shoga yako anayekwambia utie maziwa mazito ya kopo ili umalize upesi, mpe pole. Yataiva upesi, ndiyo, na yatakuwa na ladha ya kopo.

Kuhusu kuchagua guru: ile ya msimu, nolen gur, hutoka kwenye mitende ya Bengali wakati wa baridi. Mgema hukwangua shina jioni, akaning'iniza chungu, alfajiri akakiteremsha kabla jua halijachachusha utomvu, kisha unapikwa siku hiyohiyo kwenye karai pana. Iliyogandishwa huitwa patali. Mashima aliibonyeza kwa kidole gumba: ikivunjika kwa urahisi aliichukua, ikiwa ngumu kama jiwe alisema imetiwa sukari na kumrudishia muuzaji.

Wewe mwenyewe payesh ndiyo wali wako wa kwanza. Mtoto wa kike huko Bengali hulishwa wali mara ya kwanza mwezi wa tano au wa saba, na mara nyingi anayemlisha ni mjomba. Mjomba wako alikuwa Tanga, kwa hiyo mtoto wa Mashima alishika nafasi yake, ukamtemea shatini.

Iepue ikiwa bado nyepesi, ikipoa itakuwa nzito. Na kama patali nzuri hukuipata, tumia sukari nyeupe tu. Hiyo haikati maziwa, unaweza kuitia payesh ikiwa bado motoni.

Mama yako