Kupaka rangi kitako cha plastiki cha bunduki: kazi kubwa hufanyika kabla ya rangi

Kitako cha kwanza nilichokipaka rangi kilianza kuchunika kabla ya mwezi kwisha, tena pale pale mkono unaposhika. Rangi ilikuwa nzuri. Sikukiosha ipasavyo, basi. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaoanza.

Kabla ya yote, toa magazini, fungua chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa), tazama kwa macho, kisha papasa kwa kidole uhakikishe hamna risasi. Risasi zote ziende chumba kingine. Fungua skrubu, tenganisha kitako na mtambo (sehemu ya chuma inayopakia na kufyatua risasi), na mtambo pamoja na mtutu wake uufungie kabatini muda wote wa kazi. Kupulizia rangi bunduki iliyoungana nakukataza kabisa, kwa sababu vumbi la msasa na ukungu wa rangi huingia kwenye sehemu za kufyatulia, na hizo si za kuchezewa.

Sasa usafi. Plastiki mara nyingi hutoka kwenye kalibu ikiwa na utando wa kilainishi kilichowekwa ili isigande humo. Juu ya utando huo kuna mafuta ya kusafishia silaha na jasho la mikono. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, sugua kwa brashi, suuza, acha kikauke usiku kucha. Ukishaosha, usikiguse tena bila glovu. Msasa namba 320 au 400 unatosha. Lengo ni kuondoa mng'ao tu, usichimbe. Kwenye michoro ya kushikia karatasi haifiki vizuri, tumia pedi ya kusugulia masufuria. Futa vumbi, kisha pangusa kwa spiriti ya isopropili. Asetoni iache, maana baadhi ya plastiki huyeyuka nayo.

Ujue pia kitako chako ni cha nini. Nailoni yenye nyuzi za kioo hupokea rangi bila taabu nyingi, lakini polipropilini huikataa, nayo lazima upake kwanza praima (rangi ya chini ya kushikisha) maalumu ya plastiki. Kama huna uhakika, fungua mpira wa begani, puliza rangi kidogo mahali panapofunikwa na mpira huo, subiri ikauke kabisa, bandika tepu kisha ing'oe kwa nguvu. Rangi ikitoka na tepu, bado hujawa tayari.

Ziba kwa tepu ya mafundi rangi matundu ya skrubu, mahali mtambo unapokalia na mfereji ambamo mtutu hulala. Wengi hupuuza hapa. Tabaka za rangi zina unene. Zikijaza nafasi iliyoachwa makusudi kati ya mtutu na kitako, mtutu utagusa na shabaha itabadilika.

Kupuliza kwenyewe hakuna maneno mengi. Fanya nje au penye hewa ya kutosha, vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke, shika kopo umbali wa sentimita 25 hivi, anza kupuliza kabla hujafika kwenye kitako na umalize ukishakipita. Tabaka ziwe nyembamba, tatu au nne. Tabaka moja nene itachuruzika, na hapo utarudi kwenye msasa. Siku ya mvua au unyevu mwingi usianze.

Rangi ikiacha kunata ukiigusa ndani ya saa moja, usidanganyike. Kukomaa huchukua siku kadhaa. Mimi nasubiri wiki nzima. Juu yake napuliza vanishi isiyong'aa, ingawa dawa kali za kusafishia mtutu bado zinaweza kuila, hivyo tone likidondoka lifute papo hapo.

Unapounganisha, kaza skrubu kwa kipimo alichotoa mtengenezaji. Kisha nenda uwanja wa shabaha ukapige risasi chache, kwa sababu kitako kikitolewa na kurudishwa, risasi huweza kuangukia mahali tofauti na pale ulipopazoea.