Kivuli, maji na hesabu ya mkulima

SWALI: Ninalima pamba wilayani Magu, na wakati wa kuvuna ninaajiri vibarua 15 ninaowalipa kwa kilo. Nimeshauriwa niwape maji, kivuli na mapumziko jua linapokuwa kali. Je, si hasara kwangu? – Mkulima, Magu

JIBU: Hesabu yako inaona dakika za mapumziko, lakini haioni saa ambazo kibarua yuko shambani huku mikono yake imekwisha kulegea. Sehemu kubwa ya nguvu inayotumiwa na misuli hugeuka joto, na jasho lisipokauka, kama inavyotokea siku zenye unyevu mwingi wa ziwa, mwili hujilinda kwa kupunguza kasi. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba kufikia 2030 joto litapoteza asilimia 2.2 ya saa zote za kazi duniani, na asilimia 60 ya hasara hiyo itaangukia kilimo.

Gharama yenyewe ni ndogo: turubai na nguzo nne, madumu ya maji safi, na kuanza kazi alfajiri ili saa sita hadi saa tisa watu wawe kivulini. Kigumu ni malipo yako ya kwa kilo, kwa kuwa anayelipwa hivyo hukwepa hata kwenda kunywa maji, akijua kila dakika inatoka mfukoni mwake. Ningekushauri uyalipie mapumziko hayo, japo kidogo. Turubai lisilo na mtu chini yake ndilo hasara.